Duka, Kahawa na Daftari: Biashara ya Kila Siku katika Nchi ya Nyabiyonza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila duka la Kihindi lililowahi kufunguliwa kati ya Bukoba na mpaka wa Rwanda. Kila mwaka, wakati wa Diwali, wafanyabiashara miongoni mwetu huleta madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesh, yakapakwa kumkumu nyekundu na kuombewa baraka. Majirani zetu wengi wameiona ibada hiyo, na baadhi yao wameuliza kwa nini watu huyaombea madaftari. Katika mwaka huu wa kumbukumbu ya hekalu letu yafaa swali hilo lijibiwe kwa historia, kwa maana majina yaliyojaza madaftari ya zamani hayakuwa ya Kihindi. Yalikuwa majina ya wakulima wa mahali kama Nyabiyonza, baba na babu wa hao wanaouliza.

Nyabiyonza ni kata ya wakulima wilayani Karagwe, jirani na Kyerwa, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Karagwe. Mali ya mkulima wa huko ni kibanja chake: migomba, mibuni chini ya kivuli chake, na maharage katikati. Msafiri apitaye haraka aweza kudhani kwamba biashara ilifika huko juzi pamoja na barabara. Sivyo. Karagwe ilikuwa njia panda ya biashara kabla reli yoyote haijajengwa Afrika Mashariki.

Kahawa yenyewe ilitangulia fedha. Watu wa nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria hawakuinywa, waliitafuna. Buni zilichumwa zingali mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, na mgeni akaletewa chache kiganjani kabla ya maneno mengine yote. Tena kahawa ilikuwa kitu cha agano. Kwa kuwa tunda moja lina punje mbili, watu wawili waliotaka kuwa ndugu kwa damu waligawana punje hizo, kila mmoja akaila iliyotiwa damu ya mwenzake. Tangu hapo kumdhulumu ndugu wa agano lilikuwa jambo la kutisha. Tulikumbuke hilo, kwa maana biashara yote iliyofuata ilitafuta kitu kile kile kwa njia nyingine: namna ya kumwamini mtu usiyezaliwa naye.

Katikati ya karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipitia Kazeh, yaani Tabora, ikafika Karagwe na kuweka kituo Kafuro, si mbali na ikulu ya Mtemi Rumanyika huko Bweranyange. Mmoja wa waliofungua njia hiyo alikuwa Mhindi, Musa Mzuri, Mwislamu wa jamaa ya Khoja aliyetoka Surat. Msafiri Mwingereza Speke, aliyefika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, anasimulia kwamba Rumanyika alipogombea kiti na nduguye Rogero, Musa alimpelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili majeshi yake yamsaidie Rumanyika. Musa alikusudia kufuatana na Speke hadi Karagwe, lakini aliugua akafa Kazeh mwaka huo huo.

Na nguo, shanga na nyaya za shaba zilizobebwa na misafara hiyo zilitoka wapi? Nyingi zilitolewa kwa mkopo Unguja, na katika wakopeshaji wakubwa wa Unguja ilikuwamo nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamaa ya Bhatia kutoka Kutch, iliyokodi pia forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Hivyo pande la merikani lililokatwa Kafuro huenda lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa Kigujarati pwani, na faida yake kukadiriwa, kabla mpagazi hajalitwika kichwani. Daftari lilifika Karagwe kabla ya duka.

Rumanyika mwenyewe alipenda vitu vya ajabu. Stanley, aliyekaa Kafuro mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina ya mtemi huyo, akaona sanamu za bata na za ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba. Yafaa tukumbuke, sisi tulioleta shaba ya kuuza, kwamba huko tulikuta mafundi waliojua nini cha kuifanyia.

Duka la kudumu lilikuja baadaye. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na bahari. Kutoka Bukoba bidhaa zilipanda magharibi, zikavuka mto Kagera pale Kyaka, zikafika kwenye vituo vidogo vya Karagwe. Duka la namna hiyo lilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye meza ndefu, na familia iliishi nyuma yake. Kiliuzwa kila kitu kwa kiasi kidogo: chumvi ya kijiko, mafuta ya taa ya chupa, sabuni ya kipande, kaniki, sindano, majembe, viberiti. Barazani alikaa fundi cherehani, na mteja aliyenunua kitambaa ndani aliondoka na nguo iliyoshonwa.

Vitu vidogo vya duka hilo vina historia zake. Debe, ambalo jina lake lina asili ya Bara Hindi, lilikuwa kopo la mafuta ya taa lenye lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, debe halikufa: likawa la kuchotea maji, likawa kipimo cha maharage na kahawa, na lilipotoboka fundi alilikata akatengeneza koroboi, ambayo nayo ilirudi dukani kununua mafuta. Neno duka lenyewe lina asili ya Kiarabu na kwetu wa Gujarat ni dukan. Majirani wa Uganda husema edduuka. Pesa ni paisa yetu, na laki ni laki yetu. Nasi tuliazima bila hesabu, hata mabibi wengi wa Kigujarati waliojifunza Kiswahili dukani walijua kupatana bei kabla ya kujua kusalimu.

Fedha nazo zilibadilika mara nyingi kuliko desturi. Kwanza zilikuwako kauri, zilizotobolewa na kutungwa uzini. Katika Buganda uzi mmoja ulihesabiwa kauri mia, na hata leo Waganda huziita fedha ensimbi, jina la kauri zile. Wajerumani wakaleta rupia yao, na tangu 1904 ikagawanywa kwa heller mia. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na senti zake ndogo zilikuwa na tundu katikati. Mkulima aliyezoea uzi wa kauri hakuona shida: alizitunga senti uzini kama babu yake, akazifunga kiunoni.

Lakini sehemu kubwa ya biashara haikupita katika fedha hizo kabisa. Ilipita katika daftari. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, ilhali chumvi huisha kila wiki. Toka mvua za masika hadi mavuno ya katikati ya mwaka alihitaji jembe, nguo ya mtoto, labda mahari ya kijana. Mwenye duka aliandika, na mkulima akachukua. Ukutani palikuwa na tangazo ambalo wasomaji wengi watalikumbuka kwa tabasamu: leo kwa fedha, kesho kwa mkopo. Chini ya tangazo hilo hilo mikopo iliendelea kila siku.

Daftari hilo lilikuwa kitu cha kipekee. Lilifunikwa kwa kitambaa chekundu, na ukurasa wake wa kwanza ulianza kwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Mwaka wake haukuwa ule wa kalenda ya serikali. Kwa Wagujarati mwaka wa Vikram Samvat huanza siku inayofuata Diwali, na huanza ukiwa mbele kwa miaka 57. Mkulima aliyekopa jembe baada ya Diwali ya 1935 aliandikwa kuwa amekopa mwaka 1992. Zaidi ya hayo, yote yaliandikwa kwa herufi za Kigujarati. Mdeni aliweka kidole gumba juu ya karatasi ambayo hangeweza kuisoma, katika mwaka ambao hakuwa ameufikia.

Hapa ndipo penye jambo zito la historia yetu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria za kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambazo kwazo deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali rasmi cha maandishi. Kwa hiyo daftari la duka la kijijini, kwa sehemu kubwa, halikuwa na nguvu ya sheria. Mwenye duka alimtegemea mkulima kurudi baada ya kahawa kuuzwa. Mkulima alimtegemea mwenye duka kwamba kilichoandikwa ndicho kilichochukuliwa. Kila mmoja alikuwa mikononi mwa mwenzake. Msimu wa kahawa ukiisha, Diwali ilikuwa karibu, na hesabu zilifungwa kabla ya kuanza daftari jipya. Ndiyo maana tunayaombea: tunaomba tusiwe tumeandika uongo, na tuliowaamini warudi. Baada ya taa za Diwali huja mvua za Novemba na senene, ambao hufuata mwanga. Mwenye duka asiyekula kitu chenye uhai aliwauzia majirani mafuta na chumvi ya kuwakaangia, na baraza yake yenye taa ilikuwa mahali pazuri pa kuwakusanya.

Hata hivyo haitakuwa historia ya haki tukisimulia heri na kuficha faida. Bei ya mkopo ilikuwa kubwa kuliko bei ya fedha taslimu. Mizani ilikuwa upande mmoja wa meza. Na kulikuwa na butura, desturi ya kununua kahawa ingali shambani, wakati mwingine ingali maua, kwa bei ya mwenye njaa. Walioifanya hawakuwa Wahindi peke yao. Wenyeji wenye uwezo waliifanya pia, na inafanyika hadi leo ingawa serikali imeipiga marufuku. Lakini jamii yetu ilikuwamo, na kumbukumbu ya kibanja kilichozaa kwa ajili ya mwingine haifutiki kwa sababu daftari limefungwa. Kukopa harusi, kulipa matanga: methali hiyo aliitunga mdeni.

Wakulima walitafuta njia yao wenyewe. Mwaka 1950 ulianzishwa muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa Bukoba ili kahawa iuzwe bila kupitia dukani. Kisha mambo yalikwenda mbio. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa ya jumla ikawa ya taifa. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yalitwaliwa, na familia nyingi za Kihindi zikaondoka. Mwaka 1976 miungano ya ushirika ilivunjwa, na Operesheni Maduka ikaamuru maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili maduka ya ushirika yachukue nafasi yao. Wengi waliofungiwa wakati huo walikuwa Waafrika waliojifunza kazi hiyo kwa shida. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka, na njia ya Bukoba ikakatika. Waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanajua thamani ya kipande cha sabuni. Biashara ilipofunguliwa tena tangu 1984 na ushirika wa Karagwe, KDCU, ulipoanzishwa mwaka 1990, meza ya duka ilikuwa na mwenyewe mwingine: mtoto wa mkulima. Naye anaandika mikopo, sasa kwa Kiswahili, na mteja aweza kusoma.

Hayo ni maendeleo makubwa kuliko yote niliyoyataja. Daftari linalosomwa na pande zote mbili ni bora kuliko lile la zamani, hata kama la zamani liliombewa.

Kwa hiyo natoa ombi kwa washiriki wa hekalu. Katika masanduku ya baadhi ya familia zetu yangaliko madaftari mekundu ya maduka ya Karagwe na Bukoba, na vijana wetu wachache tu wanaweza kuyasoma. Mchwa hawajali herufi. Tuyatoe, wazee wetu wayasome kwa sauti, na majirani wenye majina yaliyomo waalikwe kusikia: nani alinunua nini, kwa bei gani, nani alilipa, nani alisamehewa, na nani alidaiwa zaidi ya haki. Deni la fedha limekwisha zamani. Kilichobaki ni kusomeana kile ambacho mmoja aliandika na wawili waliamini.

Heri ya kumbukumbu kwa washiriki wote na majirani zetu.