Kitabu cha nyumba, kimeandikwa na maboyi

Walipoibomoa ile nyumba ya matofali mekundu karibu na njia ya reli, hawakuanza na nyumba yenyewe. Walianza na boyerie. Nilipofika, jengo kubwa lilikuwa bado limesimama na mabati yake, lakini kile chumba cha uani kilishakuwa rundo la vumbi. Mlango wake ulilazwa kando, rangi ya kijani imebanduka, na chini ya kitasa ubao ulikuwa umelika na kuwa laini, pale mkono uliposukuma kila alfajiri kwa miaka. Mzee mmoja alikaa juu ya bidoni, yaani dumu, akitazama. Nikamwuliza: "Papa, nyumba hii ilikuwa ya nani?"

"Ya muzungu," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini mwenye kuiyua mule ndani, ni baba yangu."

Kwa wasiokaa Lubumbashi: boyerie ni chumba kilichojengwa nyuma ya nyumba ya Mbelgiji ili boyi, yaani mtumishi wake, alale karibu vya kutosha kusikia akiitwa, na mbali vya kutosha asionekane. Leo vyumba hivyo vinapangishwa kwa wanafunzi na wenye ndoa changa, kodi kwa dola, na neno lenyewe limezoeleka hata halimchomi mtu tena.

Jibu la mzee lilinirudisha kwenye maandishi ambayo mwaka 2025 yalitimiza miaka 60, nami sikusikia mtu yeyote mjini akiyataja. Yanaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, yaani msamiati wa mji wa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Mwalimu wa Kifaransa angeuchukua wino mwekundu mara moja, angeandika "de la ville d'Élisabethville", angekata alama. Waliouandika mji wao hivyo hawakumwomba ruhusa. Aliyeyakusanya ni André Yav, mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale wapishi, madobi na maboyi waliozeeka. Kichwa ni cha Kifaransa. Yaliyomo ni Kiswahili cha Katanga, kile kile kinachosikika leo katika vitongoji vya mji huu, Kamalondo, Kenya na Katuba.

Ukiyafungua ukitafuta kamusi, utapotea. Hakuna orodha ya maneno. Ni historia ya nchi tangu enzi za mfalme Leopold II hadi miaka ya kwanza ya uhuru, ikitazamwa kutoka mlango wa jikoni.

Kwa nini basi waliiita "vocabulaire"? Hapa nina jibu langu, na nalipata kwenye rafu za wazungu wenyewe. Maofisa wa Leopold walikuja Kongo na vijitabu vya jina hilo mfukoni. Charles Lemaire, ambaye baadaye aliongoza msafara wa kisayansi hadi Katanga, alitoa chake miaka ya 1890, *Vocabulaire pratique*, Kifaransa kikiwa upande mmoja na Kiswahili kati ya lugha za upande wa pili. Kikaja kizazi baada ya kizazi cha vitabu vya namna hiyo, hadi vya kumfundisha bibi wa Kibelgiji jinsi ya kuagiza maji ya moto. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, amevichambua vitabu hivyo kwa undani katika *Language and Colonial Power* cha mwaka 1986. Ni Kiswahili cha kuamuru. Boyi aliyekiona kijitabu hicho mezani kila siku, akakifuta vumbi na kukirudisha mahali pake, alijua vizuri sana "vocabulaire" ni kitu gani: ni kitabu ambacho mtu mmoja anamwandika mwenzake. Siku walipopata nafasi ya kuandika cha kwao, wakalichukua jina hilo hilo.

Nikiwaza hivyo nakumbuka aina moja ya vitabu vya Ujerumani ya karne ya 15, ambavyo Wajerumani huviita Hausbuch, kitabu cha nyumba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Tübingen inatunza kimoja kilichoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa picha za rangi. Ndani mna kalenda, sayari saba na nyota kumi na mbili, maelekezo ya kumtoa mtu damu. Mwili wa binadamu uligawiwa nyota: Kondoo alipewa kichwa, Samaki akapewa miguu, na ole wake daktari aliyechanja kiungo siku mwezi ulipokuwa katika nyota ya kiungo hicho. Mna hata ramli, ndiyo, ramli yetu ile ile ya kupiga nukta mchangani, iliyovuka kutoka kwa Waarabu hadi Ulaya kama ilivyovuka kwao hadi pwani ya Waswahili. Tajiri aliyekuwa na kitabu kama hicho alitaka elimu yote ya nyumba yake iwe mahali pamoja, ya mbinguni na ya tumboni. Kilichonigusa ni kwamba aliyemshikia beseni wakati wa kutoa damu, aliyezoa majivu asubuhi, hana neno humo. Élisabethville ndiko kitabu cha nyumba kilikoandikwa na mzoa majivu.

Historia ya mji wenyewe kila mtoto wa shule anaijua. Mfalme Msiri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Kampuni ya migodi ya Union Minière ikaundwa 1906, watu wakaiita Changa-Changa kwa kuwa ilichanganya makabila. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini na Émile Wangermée akauanzisha mji kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi uwanjani. Ukaja uhuru, kisha kujitenga kwa Katanga chini ya Tshombe. Mwaka 1966 jina likabadilishwa kuwa Lubumbashi, kwa hiyo Yav aliandika juu ya Élisabethville ukiwa umebaki mwaka mmoja tu wa kuitwa hivyo.

Kinachosahaulika ni vita vya lugha. Miaka ya mwanzo mji huu ulikuwa nusu wa Waingereza. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na amri za kazi zilitolewa kwa ile lugha ya migodi ya kusini ambayo Zambia wanaiita Chikabanga. Wabelgiji waliogopa. Lugha ya jirani ingeweza kumleta jirani mwenyewe. Kwa maelezo ya Fabian, hiyo ni sababu kubwa iliyowafanya wakisukume Kiswahili mbele, migodini na kwenye shule za misheni. Edgar Polomé, mtaalamu wa lugha aliyefundisha chuo kikuu hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, alikichukulia Kiswahili hicho kama lugha yenye sarufi yake, akatoa makala "Lubumbashi Swahili" mwaka 1968. Wengine, weusi kwa weupe, waliendelea kukiita Kiswahili cha jikoni. Wapo mpaka leo. Nimewasikia wasomi wetu wakicheka "batu" na "njo vile" kana kwamba Zanzibar ndiko walikozaliwa.

Maandishi ya Yav yalipomfikia Fabian, yalimgomea. Hakuna aliyewahi kuwafundisha maboyi hao kukiandika Kiswahili chao. Vituo ni haba, maneno ya Kifaransa yameandikwa kwa sikio, maneno mawili yameshikana na moja limekatwa katikati. Nitoe mfano wangu mwenyewe, si wa kwake. Chukua sentensi "tulikuwa tunakaa na bwana", kisha uiandike hivi: "tuli kuwatu nakaanab wana". Kwa macho ni magugu. Sasa funga macho, umwombe mtu wa Katuba akusomee kwa sauti bila kusita.

Ndivyo walivyofanya. Mwenzake Fabian, Kalundi Mango, aliyelelewa na Kiswahili hiki mdomoni, aliyasoma maandishi kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Sauti ikarudisha mipaka ya maneno, ikaonyesha wapi msemaji alipumua, wapi alibadilisha habari. Kutokana na usomaji huo yakaandikwa upya, yakatafsiriwa. Mwaka 1990 kikatoka *History from Below* huko Amsterdam na Philadelphia, pamoja na maelezo ya lugha ya Walter Schicho wa Vienna, mtu aliyekijua Kiswahili chetu kupitia maigizo ya kundi la Mufwankolo.

Napenda kukaa hapo kidogo. Profesa mwenye vitabu vingi, mbele ya karatasi za boyi, anashindwa kusoma mpaka mtu wa nchi amfungulie kinywa. Miaka hamsini kabla ya hapo mzungu ndiye aliyesoma kijitabu chake kwa sauti na boyi ndiye aliyejitahidi kuelewa.

Baada ya hapo habari ni fupi. Maandishi na tafsiri vimewekwa kwenye intaneti na watafiti walio Uholanzi. Hapa nyumbani, Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa chuo kikuu wamefanya kazi ya maana ya kukusanya kumbukumbu za wakazi kupitia mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Lakini nenda mjini ukaulize André Yav ni nani. Tuna barabara zenye majina ya watu waliokaa hapa miezi. Hata Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi katika michoro zaidi ya 100 kwa ajili ya Fabian, michoro hiyo ukitaka kuiona inakubidi upate visa ya kwenda Amsterdam. Aliyefanya kazi ya uani, hata kumbukumbu yake tunaiweka uani, tena uani kwa watu.

Siku ya pili nilirudi kwenye ile nyumba. Mzee alikuwapo, bidoni ile ile. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wa kwanza wa *Vocabulaire*, nikaanza kumsomea, haraka, kama mtu wa redio anayekimbizana na muda. Akainua mkono.

"Unasoma mbio-mbio, mwana. Rudilia."

Nikarudilia. Safari hii midomo yake ilikuwa ikitangulia yangu, neno moja mbele. Nyuma yetu vijana wawili waliunyanyua ule mlango wa kijani, wakautupa juu ya lori pamoja na mabati.