Somo la Historia: Dirisha Lililotoka Wales

Leo tutazungumza juu ya madirisha. Msicheke! Yako madirisha yenye habari nyingi kuliko majumba ya wafalme.

Labda umepata kuingia katika kanisa kubwa la zamani, ukaona madirisha ya vioo vya rangi yenye picha za mitume na malaika. Katika Ulaya ya kale watu wengi hawakujua kusoma, na picha zile ziliwasaidia kuzifahamu hadithi za Biblia. Mtu alisimama akasoma kwa macho, bila herufi hata moja.

Fundi hufanyaje kazi hii? Kioo ni mchanga ulioyeyushwa motoni pamoja na majivu au magadi. Ukitia kobalti kidogo, kioo huwa cha buluu. Ukitia shaba, huweza kuwa cha kijani au hata chekundu. Fundi hukata vipande kwa kufuata mchoro wake. Nyuso na vidole huvichora kwa rangi nyeusi, kisha huvichoma katika tanuri ili rangi ishike. Mwisho huviunga vipande vyote kwa kanda nyembamba za risasi, akalehemu kila pembe. Risasi ninayoitaja ni ile madini laini, ambayo kwayo zilitengenezwa risasi za bunduki.

Kioo ni kitu cha kuvunjika. Moto huja, vita huja. Basi dirisha la kale likivunjika, tufanye nini? Tuige lile la zamani, au tuweke jipya lenye mawazo ya watu wa leo? Swali hili limewagombanisha watu wengi.

Chukua kanisa kuu la Köln, katika Ujerumani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1248, ukamalizika mwaka 1880. Katika Vita Kuu ya Pili dirisha kubwa la upande wa kusini liliharibika, na baada ya vita wakatia kioo cha kawaida tu. Mwaka 2007 likawekwa dirisha la mchoraji Gerhard Richter: vipande vya mraba zaidi ya 11,000, vya rangi 72, pasipo mtu wala malaika. Richter hakudai ujira. Lakini Kardinali Joachim Meisner, mkuu wa kanisa hilo, hakupendezwa. Alisema dirisha kama hilo lingefaa zaidi msikiti. Mimi simlaumu, wala simlaumu mchoraji. Jua likipita pale, nasikia, sakafu nzima hugeuka rangi.

Sasa tuvuke bahari, twende Marekani, maana huko ndiko liliko dirisha ninalotaka mlikumbuke.

Katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kuna kanisa la Wabatisti la Barabara ya 16. Jengo lake lilimalizika mwaka 1911, na aliyelichora alikuwa Mmarekani Mweusi, Wallace Rayfield. Mwaka 1963 Wamarekani Weusi wa mji ule walikuwa wakipigania haki zao, nao walikutana katika kanisa hilo. Mwezi wa Mei watoto wa shule walitoka pale kwa maandamano, wakapigwa kwa maji ya mipira ya zimamoto, wakatishwa na mbwa wa polisi.

Jumapili tarehe 15 Septemba 1963, asubuhi kabla ya ibada, baruti iliyofichwa na watu wa kikundi cha Ku Klux Klan ililipuka ubavuni mwa kanisa. Wasichana wanne waliokuwa wakijitayarisha katika chumba cha chini waliuawa: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wenye miaka 14, na Denise McNair, mwenye miaka 11. Madirisha yakapasuka. Moja lilibaki katika nafasi yake, lakini uso wa Yesu ulikuwa umeng'oka, pamebaki tundu.

Habari hizo zilifika Wales, nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Huko aliishi fundi wa vioo, jina lake John Petts. Alizisikia katika redio, kama ninyi mnavyonisikia sasa. Baadaye alieleza kwamba aliumia kama baba, akaumia tena kama fundi. Akampigia simu mhariri wa gazeti la Western Mail, David Cole, akasema anataka kulitengenezea kanisa lile dirisha. Gazeti likaomba mchango.

Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Waliamua kwamba mtu asitoe zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na nusu. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza wakati ule, kwa hiyo unaweza kuipima mwenyewe: si fedha nyingi. Hawakutaka tajiri mmoja alipe yote na dirisha liitwe lake. Walitaka liwe la watu wa Wales. Fedha zikapatikana upesi, shilingi mbili mbili.

Petts angeweza kuiga picha ya zamani. Hakufanya hivyo. Katika makanisa mengi ya Marekani wakati ule Yesu alichorwa kama Mzungu. Petts alimchora Yesu mweusi, amenyosha mikono kama aliye msalabani. Mkono wa kuume unasukuma mbali chuki na dhuluma. Wa kushoto unatoa msamaha. Juu ya kichwa kuna upinde wa mvua. Chini kuna maneno machache yatokayo katika sura ya 25 ya Mathayo, pale Yesu asemapo kwamba atendewalo aliye mdogo, ametendewa yeye.

Dirisha lilisafirishwa, likawekwa mwaka 1965. Liko hapo hata leo, juu ya roshani. Lile jingine nalo lilitengenezwa, likapata uso tena. Waliotenda uovu ule walikaa nyumbani kwao muda mrefu. Wa kwanza, Robert Chambliss, alihukumiwa mwaka 1977. Wengine wawili mwaka 2001 na 2002. Wa nne alikufa mwaka 1994 bila kushtakiwa. Basi hesabuni: dirisha lilikuwa limekaa mahali pake miaka 12 kabla ya mtu wa kwanza kuingia gerezani.

Mwalimu wenu atawasomesha majina na miaka hii tena, polepole.