Kuinua pikapu

Kuinua pikapu ni kurekebisha gari dogo la mizigo ili bodi yake ikae juu zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi kazi hiyo huenda pamoja na kufunga matairi makubwa zaidi. Lengo la kawaida ni kuongeza nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, ili lipite kwenye mawe, makorongo, tope au theluji bila kugusa chini. Wako pia wanaoinua gari kwa ajili ya sura tu.

Matairi na springi hufanya kazi mbili tofauti, ingawa wauzaji wengi huviuza kama kitu kimoja. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, lakini haziinui ekseli ya nyuma wala difu iliyo katikati yake, ambayo katika pikapu nyingi ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi. Difu hupanda tu pale tairi linapokuwa kubwa. Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu huchagua ukubwa wa tairi kwanza, kisha huinua gari kwa kiasi kile tu ambacho tairi hilo linahitaji.

Historia

Nchini Marekani mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa kupitia Bob Chandler wa jimbo la Missouri, ambaye katika miaka ya 1970 alifunga matairi makubwa zaidi na zaidi kwenye Ford F-250 yake ya mwaka 1974. Kila tairi kubwa lilidai ekseli na gia zenye nguvu zaidi. Gari hilo, Bigfoot, lilikuja kuwa mzazi wa magari ya maonyesho yanayoponda magari mengine.

Huko Iceland sababu ilikuwa ya lazima zaidi. Tairi pana lililopunguzwa upepo hukanyaga eneo kubwa, hivyo gari halizami kwenye theluji laini. Kampuni ya Arctic Trucks ya nchi hiyo hutengeneza Toyota Hilux zenye matairi ya inchi 38. Mwaka 2007 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC walitumia Hilux zilizofanyiwa kazi na kampuni hiyo kufika mahali ilipokuwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996. Magari ya namna hiyo hukatwa madigadi na kubadilishwa sehemu nyingi. Si kazi ya springi na matairi peke yake.

Ukubwa wa tairi

Hilux nyingi za tangu mwaka 2005 zilitoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Herufi R huonyesha tairi la radiali. Na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu ni asilimia 65 ya 265, yaani milimita 172. Ukihesabu pande zote mbili na kuongeza rimu ya inchi 17 (milimita 432), kipenyo kizima ni takriban milimita 776.

Tairi la 265/70R17 lina kipenyo cha milimita 803, na lile la 285/70R17 milimita 831. Tofauti kati ya la kiwandani na hili la mwisho ni milimita 55, lakini ekseli hupanda nusu tu ya hiyo, kama milimita 27, kwa kuwa nusu nyingine huongezeka juu ya ekseli na kula nafasi iliyo chini ya madigadi. Hapo ndipo haja ya kuinua gari inapoanza.

Namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa tairi haifai kuwa chini ya ile ya kiwandani. Namba 112, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120. Kosa hili huwapata zaidi wanaonunua kwa kuangalia kashata za tairi tu.

Njia za kuinua

Njia ya bei nafuu ni kuweka vipande kati ya bodi na chesisi. Bodi hupanda na tairi hupata nafasi, lakini chesisi, injini na difu hubaki palepale. Njia nyingine ni kuinua springi zenyewe.

Kwa mbele, Hilux ya tangu 2005 ina springi za koili na kila gurudumu hucheza peke yake. Gari likiinuliwa, shafti za magurudumu ya mbele huinama zaidi na jointi za sivi hufanya kazi kwenye pembe kali; raba zake huchanika, grisi humwagika, na jointi hufa. Mafundi wengi huona milimita 50 kuwa kikomo cha busara kwa muundo huu. Kuanzia hapo mikono ya juu ya magurudumu huhitaji kubadilishwa na difu ya mbele kushushwa. Vipande vinavyowekwa juu ya koili huinua gari kwa gharama ndogo, lakini shokapu hubaki ileile na gurudumu hupoteza sehemu ya mwendo wake wa kushuka.

Toyota Land Cruiser za safu ya 70, ambazo huonekana sana kwenye mbuga za wanyama za Tanzania na Kenya, zina ekseli nzima mbele. Hapa tatizo la jointi ni dogo. Badala yake ekseli huzunguka kidogo gari linapopanda, usukani hupoteza tabia yake ya kurudi katikati, na gari hutangatanga kwenye lami mpaka pembe hiyo irekebishwe.

Kwa nyuma pikapu nyingi zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Njia nzuri ni kubadilisha springi zote kwa kufuata mzigo ambao gari hubeba kila siku. Springi za mzigo mzito kwenye gari linalotembea tupu hurusha abiria na kulifanya lipoteze mshiko kwenye barabara ya mawimbi. Wala springi ngumu haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba: chesisi, ekseli na breki ni zilezile.

Athari

Tairi la milimita 831 badala ya 776 husafiri asilimia 7 zaidi kila linapozunguka mara moja. Spidomita hupungukiwa kwa kiasi hicho, na kilomita zilizoandikwa huwa chache kuliko zilizotembewa. Gia nazo huwa nzito: difu yenye uwiano wa 4.10 hufanya kazi kana kwamba ni 3.83, jambo linaloonekana mlimani gari likiwa na mzigo. Anayebadilisha uwiano kwenye gari la magurudumu manne lazima abadilishe difu zote mbili. Breki pia hulemewa, kwa kuwa tairi kubwa ni kama mkono mrefu unaovutana na diski ileile.

Hatari kubwa zaidi ni kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hutumia kipimo rahisi: upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia hugawanywa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Pikapu yenye upana wa mita 1.55 na kitovu kwenye mita 0.67 hupata 1.16. Kitovu kikipanda sentimita 7, hupata 1.05. Kadiri namba inavyopungua ndivyo gari linavyopinduka kirahisi dereva akikwepa ghafla kitu barabarani. Mizigo juu ya paa huishusha zaidi.

Sheria

Kanuni hutofautiana kati ya nchi na nchi, na Marekani kati ya jimbo na jimbo. Nchini Australia mwongozo wa kitaifa wa marekebisho ya magari, VSB 14, huruhusu kipenyo cha tairi la pikapu ya magurudumu manne kuzidi kile kikubwa zaidi cha kiwandani kwa milimita 50. Kwa hesabu hiyo, tairi la 285/70R17 kwenye Hilux iliyotajwa hapo juu hupita kiwango kwa milimita 5 hivi.

Baada ya kufunga

Gari lililoinuliwa hupimwa upya pembe za magurudumu na taa za mbele huelekezwa chini, la sivyo huwapofusha madereva wanaokuja. Usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote, gurudumu moja likiwa limepandishwa juu ya kitu, ili kuona kama tairi linagusa madigadi au chesisi. Mipira ya breki hukaguliwa isivutike gurudumu linaposhuka mpaka mwisho. Boliti zinazoshika ekseli kwenye springi hukazwa tena baada ya kilomita mia kadhaa. Tairi la akiba nalo lapaswa kuwa la ukubwa uleule, na mara nyingi haliingii tena mahali pake chini ya karai la mizigo.