Wagonjwa wa kuigiza wamfunzapo daktari kuzungumza

MWANAFUNZI wa udaktari aweza kuyakariri majina ya mishipa yote ya mwili kwa Kiingereza, kisha akashindwa kumuuliza ajuza wa miaka 70 iwapo anapata taabu kwenda haja ndogo.

Pengo hilo ni bayana katika maeneo kama Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Methodist (KeMU), kilichoanzishwa mwaka 1997 na kutunukiwa hati rasmi mwaka 2006. Masomo ya tiba nchini Kenya hutolewa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wa vijiji vya Meru huyaeleza maumivu yake kwa Kimeru, au kwa Kiswahili akikutana na mgeni.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. Kamusi husema homa ni joto la mwili kupanda, lakini Wakenya wengi wakisema wana homa humaanisha mafua. Daktari asiyeuliza zaidi huenda akatibu maradhi yasiyokuwepo.

Mojawapo ya njia za kuziba pengo hilo ni kumtumia mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu mwenye afya njema aliyefunzwa kujifanya mgonjwa ili mwanafunzi ajizoeze bila kumdhuru yeyote.

Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1963 na Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Marekani. Wenzake wengi walimbeza, wakidai kwamba ameleta michezo ya sinema katika taaluma ya heshima. Mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walitangaza mtihani ambao mtahiniwa huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine, na katika baadhi ya vituo hukuta mgonjwa wa aina hii. Mtihani huo umeenea duniani, Afrika Mashariki ikiwemo.

Mwigizaji hupewa maelezo kamili: umri, kazi, dalili na, muhimu kuliko yote, hofu anayoificha. Chukua mfano wa mkulima wa kahawa mwenye kisukari anayeogopa kukatwa mguu. Akihojiwa kwa pupa, hujibu ndiyo na la, basi. Akiamkiwa kwa heshima na kuachiwa nafasi, hofu hiyo hujitokeza.

Faida kubwa huja baada ya mazungumzo. Mwigizaji huvua uhusika na kumweleza mwanafunzi waziwazi ni neno gani lililomuudhi na ni lini alihisi kupuuzwa. Mgonjwa halisi ni nadra kumkosoa daktari ana kwa ana. Aghalabu huitikia tu, kisha asirudi kliniki.

Hata hivyo, mwigizaji hawezi kuigiza ini lililovimba wala moyo wenye kasoro, hivyo wodi haiwezi kuepukwa. Isitoshe, lazima afunzwe na kulipwa, na kwa vyuo vyenye bajeti finyu hilo si jambo dogo.

Aidha, anayeigiza mzazi aliyefiwa, tena mara nyingi kwa siku moja, huhitaji kupumzishwa na kuzungumziwa kabla ya kurudi nyumbani, kwani machozi yake huenda yasiwe ya kuigiza yote.