Mafundisho ya Sheria na Lugha ya Mahakama

Chuo Kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Oktoba 1961, chini ya miezi miwili kabla ya uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi 14. Hao walifundishwa kwa Kiingereza, kwani chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London.

Walakini, katika mahakama za mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1963, mashauri yaliendeshwa kwa Kiswahili. Maneno ya baraza hayakukosekana: hakimu, wakili, shahidi, dai na rufani yalikuwa yamekwisha kuzoewa. Lakini shauri lilipokatiwa rufani hata kufika Mahakama Kuu, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na mwenye shauri akahitaji mtu wa kumfasiria haki yake mwenyewe.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo swali la 1961 limerudi darasani: mwanasheria atatumikiaje lugha ambayo hakufundishwa kwayo?