Hesabu Anajua, Jina Lake Linamshinda

Novemba 1896, jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa fupi ya W. Pringle Morgan, daktari wa mji wa Seaford, kusini mwa Uingereza. Ilimhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Macho yake mazima, akili inachemka, hesabu anazipenda. Tangu ana miaka saba amekuwa na walimu, shuleni na nyumbani, lakini kusoma wapi! Alipoandika jina lake aliandika "Precy", na kosa hakuliona mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja.

Morgan aliiita hali hiyo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Neno disleksia lilikuwepo tangu 1887, kutoka kwa Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, ila yeye alizungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kuumia. Percy hakuwa ameumia popote.

Mimi katika taarifa ile namtazama zaidi mwalimu, ambaye hata jina hakutajwa. Alisema kwamba masomo yangekuwa ya mdomo tu, Percy angewashinda wote shuleni. Nadharia hakuwa nayo, ila alikuwa amemsikiliza mtoto akijibu.

Huko Glasgow, James Hinshelwood, naye daktari wa macho, alikusanya visa vingi vya aina hiyo na kuonya kwamba watoto hawa huadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Lakini hebu fikiria: Percy alikuwa na walimu wa nyumbani na daktari wa kumwandikia taarifa. Mtoto wa kibarua katika darasa lililofurika angeitwa mjinga, basi, habari imeisha.

Huko Marekani, mwaka 1925, Samuel Orton wa Iowa alidai kwamba pande mbili za ubongo zinashindana, ndiyo maana herufi zinageuka. Maelezo hayo hayakusimama. Lakini mwalimu Anna Gillingham, aliyefanya kazi naye, alitunga njia ya kufundisha sauti moja moja na herufi yake, kwa sikio, jicho na mkono kwa pamoja. Nadharia ilianguka, ufundishaji wa namna hiyo ukabaki.

Sababu yake ilianza kueleweka miaka ya 1970. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake waliwapa watoto mchezo: gonga kijiti mara moja kwa kila sauti iliyomo katika neno. Wa miaka minne hakuweza hata mmoja, wa miaka mitano wakaweza asilimia 17, na wa miaka sita asilimia 70. Kumbe kulipasua neno katika sauti zake si jambo linalokuja lenyewe, na wapo watoto ambao kwao linabaki gumu. Jicho lilikuwa limesingiziwa muda mrefu.

Wakati huo wazazi nao walikuwa wameshachoka kungoja. Aprili 1963, walikutana Chicago, na Samuel Kirk akawapa jina la jumla: ulemavu wa kujifunza. Hapo hapo akawatahadharisha kwamba jina laweza kuturidhisha bila kumsaidia mtoto. Wazazi walilichukua, wakaunda chama, na 1975 sheria ya Marekani ikawatambua watoto hao. Kutoka Percy hadi hapo ni miaka 79.

Kwetu utasikia kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hayo ni matatizo ya Waingereza. Si kweli. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti juu ya makosa ya tahajia ya wanafunzi wa Tanzania, na wakaonyesha kwamba hata lugha yenye maandishi yaliyonyooka si kazi ndogo kujifunza kuiandika. Katika lugha za namna hiyo, kama Kiitaliano na Kijerumani, mwenye disleksia mara nyingi husoma sawasawa, ila polepole mno. Mtoto wa hivyo hakosei sana, anachelewa tu. Na anayechelewa tuna majina yake tayari: mvivu, mzito, kilaza.

Si kila shule itapata mtaalamu kesho. Lakini kumuuliza mtoto swali kwa mdomo, ukasikiliza jibu kabla ya kumpa jina, mwalimu wa Percy alilifanya bila kifaa chochote. Hilo linawezekana hata katika darasa la watoto 80, tena leo.