Rehaif dhidi ya Marekani

Rehaif dhidi ya Marekani ni kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 21 Juni 2019. Inahusu watu ambao sheria ya shirikisho inawakataza kuwa na silaha za moto. Mahakama iliamua kwamba haitoshi upande wa mashtaka kuthibitisha kuwa mshtakiwa alijua ana silaha. Ni lazima pia uthibitishe kuwa alijua yumo katika mojawapo ya makundi yaliyokatazwa.

Uamuzi huo uliwapa washtakiwa utetezi mpya. Hata hivyo, kesi zilizofuata zilionyesha kuwa ni vigumu kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa kunufaika nao.

## Msingi wa kisheria

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, pamoja na marekebisho yake, inataja makundi tisa ya watu wasioruhusiwa kuwa na silaha za moto au risasi. Miongoni mwao ni:

- watu waliowahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja;
- watu wanaotoroka mkono wa sheria;
- watumiaji haramu wa dawa za kulevya;
- wageni wanaoishi nchini bila kibali halali;
- watu waliopatikana na hatia ya ukatili wa kifamilia.

Kifungu kinachotaja makundi haya hakisemi lolote kuhusu nia ya mshtakiwa. Kifungu kingine, kinachoweka adhabu, ndicho kinachosema kwamba anayeadhibiwa ni yule anayevunja katazo hilo "kwa kujua". Sharti hilo liliingizwa na marekebisho ya mwaka 1986. Wakati wa kesi ya Rehaif adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 10. Mwaka 2022 Bunge liliipandisha hadi miaka 15.

Kwa miaka mingi mahakama za rufaa za shirikisho zilichukulia kuwa maneno "kwa kujua" yanahusu silaha peke yake. Mshtakiwa akijua kwamba alichoshika ni bunduki, basi ilitosha, hata kama hakujua hali yake ya kisheria.

## Kisa na kesi ya awali

Hamid Rehaif, raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu, aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi ili kusoma chuo kikuu katika jimbo la Florida. Hakufanya vizuri masomoni, na chuo kilimwondoa. Kilimjulisha kwamba kibali chake cha kuwa nchini kingefutwa asipohamia chuo kingine au kuondoka. Baadaye alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha na kufyatua silaha mbili. Alishtakiwa kwa kuwa na silaha akiwa mgeni asiye na kibali halali.

Katika mahakama za shirikisho hatia huamuliwa na jopo la raia, baada ya jaji kuwaeleza sheria inadai nini. Jaji aliwaambia wanajopo kwamba upande wa mashtaka haukulazimika kuthibitisha kuwa Rehaif alijua yumo nchini kinyume cha sheria. Wanajopo walimtia hatiani, naye akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Alikata rufaa akipinga maelekezo hayo, lakini mahakama ya rufaa iliyasimamia.

## Uamuzi wa Mahakama ya Juu

Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa kura saba dhidi ya mbili. Hukumu iliandikwa na Jaji Stephen Breyer. Kwa maelezo yake, kuwa na bunduki si kosa lenyewe. Hali ya mtu ndiyo inayokigeuza kitendo cha kawaida kuwa uhalifu. Kwa hiyo maneno "kwa kujua" yanagusa silaha na hali ya mtu pia. Breyer alitoa mfano wa mtu aliyeingizwa nchini akiwa mtoto mdogo, asijue kuwa hana kibali.

Serikali ilitegemea kanuni kwamba kutojua sheria si utetezi. Mahakama ilijibu kuwa kanuni hiyo humhusu mtu asiyejua kwamba sheria ya jinai inakataza tendo lake. Mtu asiyejua kuwa kibali chake kimekwisha yuko katika hali tofauti: hana habari ya jambo ambalo ni sehemu ya kosa lenyewe.

Jaji Samuel Alito, akiungwa mkono na Jaji Clarence Thomas, alipinga. Alisema uamuzi huo unabomoa tafsiri iliyokubaliwa na kila mahakama ya rufaa iliyolishughulikia suala hilo, na kwamba ungefungulia mlango maombi ya maelfu ya wafungwa.

Uamuzi huo ulifasiri sheria ya shirikisho tu. Haukugusa haki ya kikatiba ya kumiliki silaha, wala hauyabani majimbo katika sheria zao wenyewe.

## Rufaa zilizofuata

Katika kesi ya Greer dhidi ya Marekani (2021), Mahakama ya Juu iliangalia washtakiwa ambao hawakuweka pingamizi kuhusu suala hili katika kesi ya awali. Iliamua kwamba mrufani wa aina hiyo lazima aonyeshe uwezekano wa kuridhisha kuwa, kama maelekezo sahihi yangetolewa, asingetiwa hatiani au asingekiri kosa. Kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa jambo hilo ni gumu, kwa sababu kwa kawaida mtu hujua kuwa amewahi kuhukumiwa.

Katika kesi ya Jones dhidi ya Hendrix (2023), mfungwa aliyehukumiwa mwaka 2000 kifungo cha zaidi ya miaka 27 aliomba hatia yake ipitiwe upya kwa msingi wa Rehaif. Alikuwa ameshatumia ombi lake la kwanza la mapitio miaka mingi kabla ya uamuzi huo. Sheria ya mwaka 1996 huruhusu ombi la pili kwa sababu mbili tu: ushahidi mpya wenye uzito, au kanuni mpya ya kikatiba. Rehaif ilikuwa tafsiri ya sheria iliyotungwa na Bunge, si ya katiba. Kwa kura sita dhidi ya tatu, Mahakama iliamua kwamba ombi lake haliwezi kusikilizwa.